Lengo la Mtoto na Deni la Mzazi

Kijijini Ndolezi, katika Wilaya ya Mbozi, limelala donge kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani zamani sana. Watu huliita Kimondo, na urefu wake wapata mita 3. Wilaya hiyo ilikuwa ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe. Watoto wa shule hupelekwa huko kulitazama na kuligusa. Basi mtoto akirudi nyumbani na kuuliza, "Baba, nami naweza kufika huko lilikotoka?" ajibiwe nini?

Wako wazazi wanaocheka, wakamwambia kwamba mtoto wa jembe atazeeka na jembe. Wako na wengine wanaomsifu kupita kiasi: "Utafika, mwanangu, ukitaka tu!" kisha wakaenda zao. Wale wamemnyima mtoto tumaini. Hawa wamempa tumaini lisilo na posho ya safari. Sisi twaona liko jibu la tatu, nalo twalipata katika maisha ya mwanaanga mmoja aliyekuwa mtoto wa vibarua wa shamba.

José Hernández alizaliwa California, nchini Marekani, mwaka 1962. Wazazi wake walitoka Mexico, wakawa wakihama shamba hata shamba kufuata mavuno, na watoto wao walichuma matango na stroberi pamoja nao. Wazee wetu wa Nyanda za Juu za Kusini hawahitaji kufafanuliwa maisha hayo. Wengi wa Ubena walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Na wengine wa Rungwe walikwenda Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa.

Desemba 1972, José akiwa na umri wa miaka 10, aliona katika televisheni watu wa safari ya mwisho ya Apollo wakitembea mwezini. Akamwambia baba yake kwamba naye ataka kuwa mwanaanga. Baba huyo alikuwa amesoma hata darasa la tatu tu. Hakumcheka, wala hakumpa sifa za bure. Alimketisha mezani, akampa masharti matano: chagua lengo lako, tambua umbali uliopo kati yako nalo, chora njia ya kulifikia, pata elimu, kisha fanya kazi kwa bidii, na kila mara utende zaidi ya ulivyoagizwa.

Masharti hayo ni mazuri, nayo yafaa kufundishwa kila nyumba. Lakini twawaomba wazazi waangalie jambo lililoyatangulia. Watoto wale walikuwa wakitolewa shule hii kupelekwa ile kwa sababu ya mavuno. Mwalimu mmoja wa José alikwenda kwao kuwasihi wazazi watulie mahali pamoja. Wakamsikia, wakakaa Stockton. Kwa watu walioishi kwa kufuata mavuno, uamuzi huo haukuwa mwepesi. Basi kabla mtoto hajatoa kitu kwa ajili ya lengo lake, wazazi walikuwa wamekwisha kutoa.

Atakuwapo wa kutuuliza: "Na mtoto asipofika, je?" Twamjibu kwa maisha yale yale. José aliomba kazi ya uanaanga akakataliwa mara 11. Alikubaliwa mwaka 2004, na Agosti 2009 akapaa katika chombo kiitwacho Discovery. Katika miaka ile ya kukataliwa hakukaa bure. Alikuwa mhandisi, na pamoja na wenzake alisaidia kubuni mtambo wa eksirei wa kugundua saratani ya matiti mapema. Kama asingeitwa kamwe, je, maisha yake yangalikuwa hasara? Hata kidogo. Hapo ndipo lengo jema linapoachana na tamaa. Tamaa isipotimia huacha mikono mitupu. Lengo jema huwafaa watu njiani, hata kama mwisho wa njia haujaonekana.

Sasa turudi kwetu. Kahawa ikiiva Mbozi, au chai ikihitaji mikono Mufindi, ni rahisi kusema mtoto akose shule wiki hii tu. Tena wasichana wengi wa Iringa wamepelekwa mijini kuwa watumishi wa nyumbani, hali wangali na umri wa kukaa darasani. Hatumhukumu mzazi maskini, maana uchungu wa njaa aujua mwenye njaa. Wala kazi ya shamba si adui wa mtoto. José naye alichuma siku zisizo za shule. Lakini haiwezekani kumwuliza mtoto jioni, "Wataka kuwa nani?" hali asubuhi tumemtoa darasani kwa mkono wetu wenyewe.

Si lazima lengo liwe anga. Uuguzi, ufundi, ualimu, na ukulima wa maarifa ni malengo ya heshima. Wiki hii kila mzazi na amketishe mwanawe, amwulize lengo lake, wapime pamoja umbali uliobaki, na waandike hatua ya kwanza. Kisha mzazi ajiulize peke yake: "Nami nitaacha nini ili mwanangu aende?" Mtoto hatalisikia swali hilo, lakini jibu lake ataliona kila siku.