Ndoa ni Kuimba kwa Kusikilizana



Msimu wa Noeli parokia nyingi huandaa tamasha la nyimbo. Mara nyingi vipaza sauti hunguruma hata maneno yasisikike. Lakini mkibahatika kusikia kwaya ikiimba kwa sauti tupu, bila kinanda wala maikrofoni, nendeni pamoja, mume na mke, mkatege sikio. Hapo pana fundisho la ndoa.

Waitaliano huita uimbaji huo a cappella, yaani "kama kanisani". Kwa karne nyingi kwaya ya Papa iliimba hivyo katika Kanisa Dogo la Sistina, Roma. Palestrina, aliyefariki mwaka 1594, alitunga Misa zaidi ya 100 za sauti.

Mwalimu hutoa sauti ya kuanzia, basi. Baada ya hapo hakuna ala ya kuwaongoza. Kila mwimbaji humsikiliza jirani yake. Besi haiigi soprano, wala soprano haiigi besi. Kila mmoja hushika noti yake, na noti zisizofanana huzaa wimbo mmoja. Mmoja akipaza sauti kuwapita wenzake, yeye atasikika, lakini wimbo utapotea. Wakiacha kusikilizana, sauti hushuka kidogo kidogo bila wao kujua, hata wakamaliza chini ya pale walipoanzia.

Je, sivyo ndoa nyingi zinavyoshuka? Bwana hufoka, bibi hunyamaza. Au bibi hufoka, bwana akatoka nje. Watoto wakaona nyumba imetulia. Ndugu zangu, hiyo si amani. Ni sauti moja iliyozimwa.

Sikukuu hii mna mengi ya kuamua: nauli ya kwenda kwa wazazi, wageni, karo ya Januari. Mtume Paulo, katika Waefeso 5:21, anatufundisha kunyenyekeana kwa kumcha Kristo. Basi, jioni moja kabla ya Noeli, watoto wakiisha kulala, zimeni televisheni na simu. Mmoja aseme dakika kumi bila kukatizwa. Mwenzake asijibu kwanza, bali arudie kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoyasikia. Kisha mpeane zamu. Malizeni kwa Baba Yetu.

Jambo moja zaidi. Katika kifungu kirefu, waimbaji hupokezana pumzi: mmoja anapovuta, wengine hushikilia noti, na wimbo haukatiki. Mwenzako akichoka, akiugua au akifutwa kazi, usimlaumu kwamba amenyamaza. Shikilia wewe mpaka pumzi imrudie.

Katika Injili Yosefu hanukuliwi akisema hata neno moja. Alisikia, akaamka, akamchukua Maria nyumbani kwake. Mbele ya pango mwaka huu, mwombeni awafundishe kusikiliza.

Familia Takatifu iwaombee. Noeli njema.