Toa Hesabu Kabla Hujaulizwa



Tumesoma Luka 16, habari ya wakili aliyeshtakiwa kutapanya mali ya bwana wake. Bwana yule hakudai faida, alidai hesabu.

Wengi wetu hapa Doha tumetoka katika nyumba zinazoikumbuka DECI. Ilipoenea Tanzania, wachungaji walikuwa miongoni mwa viongozi wake, na lugha yake ilikuwa ya madhabahuni: panda mbegu, uvune. Shamba halikuwepo. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Wasiotumia Biblia nao hufanya vivyo hivyo. Nick Leeson wa benki ya Barings, huko Singapore, alificha hasara katika akaunti namba 88888. Ilianza kwa kosa dogo la mfanyakazi mwenzake. Akataka kuifidia kwa siri, akabahatisha zaidi. Ilipofichuka mwaka 1995, ilizidi pauni milioni 800, na benki iliyodumu zaidi ya miaka 200 ikauzwa kwa pauni 1.

Hasara si dhambi, hata mkulima mwema hukosa mvua. Lakini ndugu anakusanya riyali za wenzake akafanye biashara ya forex. Mwezi wa faida anatuma picha kwenye WhatsApp. Mwezi wa hasara ananyamaza, au anamlipa Juma kwa pesa ya Wanjiru. Pesa hiyo ni jasho la mlinzi aliyesimama juani saa 12, ni karo ya mtoto ambaye dada yetu hajamwona miaka 2. Yule mtumwa mvivu wa Mathayo 25 tunamsema sana, lakini talanta aliyoifukia aliirudisha nzima!

Kama umeshika fedha za wenzako na zimepungua, waite kabla ya ibada ya Ijumaa ijayo. Waonyeshe taarifa yote ya akaunti, si picha. Ukiogopa kwenda peke yako, tutakwenda nawe, wala hatutakutangaza. Nawe uliyetoa pesa, kuomba hesabu si kukosa imani. Anayekasirika kwa kuulizwa, usimwongezee hata riyali moja. Na sisi wachungaji na wazee, tukiwaletea mpango wa kuzidisha fedha, tuulizeni hivyo hivyo.