Kazi ya Fundi Ikiteketea, Je, Maisha Yake Yamekuwa Bure?

Katika toleo hili tunapenda tutafakari pamoja swali ambalo husikika mara nyingi katika matanga yetu hapa kambini: mtu akifanya kazi maisha yake yote, kisha vita ikateketeza kila alichokijenga, je, maisha yake yamekuwa bure?

Swali hili limetujia tena kwa ajili ya mzee wetu tuliyemzika hivi karibuni. Wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Fundi. Alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, kabla ya uhuru wa Kongo wa mwaka 1960. Nchi yake iliitwa Zaire kuanzia 1971, ikarudi kuitwa Kongo mwaka 1997. Yeye hakubadilika jina. Pale Baraka alipiga mabati, alitengeneza vitanda na milango, aliziba mitumbwi iliyovuja, alifungua vyerehani vilivyokwama. Chombo kikiharibika na hujui umpelekee nani, ulimpelekea yeye. Kwa kazi hiyo alioa mke mmoja, akakaa naye mpaka kifo kilipowatenganisha. Akalea watoto tisa, na yatima wawili wa ndugu yake juu yao.

Vita ilipofika mwaka 1996 alivuka ziwa pamoja na jamaa yake. Ndani ya mfuko wa unga alibeba msumeno, nyundo na timazi. Nyumba yake ilichomwa, na nyumba nyingi alizowajengea watu zilichomwa vilevile. Ndiyo maana kijana mmoja wa ukoo wake alituuliza, bila dharau, ila kwa uchungu: "Sasa tuseme babu ameacha nini?"

Watu hujibu kwa njia mbili. Wa kwanza husema, ni bure tu. Tusiwakemee haraka, maana Mhubiri naye aliichukia kazi yake alipofikiri kwamba itabaki mikononi mwa mtu mwingine asiyemjua (Mhubiri 2:18-19). Wa pili husema, tusiulize habari za mabati na milango, hazina yetu iko mbinguni. Neno hili ni la kweli, lakini likisemwa upesi mno linamwumiza mfiwa. Tena kama kazi ya mikono haina uzito wowote, kwa nini Mungu alimjaza Bezaleli Roho yake ili achonge mawe na kukata miti? (Kutoka 31:1-5). Mungu hakuona haya kuweka Roho yake karibu na patasi.

Sisi tunajibu hivi. Paa alilolipiga Fundi likakaa miaka ishirini, liliwakinga watoto na mvua miaka ishirini. Watoto wale walilala pakavu, wakakua, na wengine wao leo ni wazazi kati yetu. Moto wa 1996 uliweza kulichoma paa, lakini haukuweza kurudi nyuma ukawanyeshea watoto wale usiku uliokwisha kupita. Wema ukiisha kutendwa umetendwa. Adui anaweza kuchukua kilichobaki, hawezi kufanya kwamba kisiwe kimekuwako.

Mfikirini Yusufu, mume wa Mariamu. Injili zote nne hazikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Hatuna kiti wala mlango alioutengeneza. Lakini twajua alikuwa mtu wa haki, na twajua aliamka usiku akamchukua mtoto na mama yake wakakimbilia Misri (Mathayo 2:13-14). Yusufu alikuwa fundi, baba wa nyumba, na mkimbizi. Kazi yake imetoweka yote. Je, twaweza kusema aliishi bure? Watu wa Nazareti walipomtazama Yesu walimwita seremala (Marko 6:3). Ule ufundi ulikuwa umepita kutoka mkono hata mkono.

Wengi wetu twaijua meli ya Liemba. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito isile kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza safari tena. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, meli hiyohiyo iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma. Mafundi wale hawakutujua sisi wala ndugu zetu wa Burundi. Walifanya tu kazi yao vizuri siku ambayo ingekuwa rahisi kusema, ya nini, si inazama?

Hatusemi mzee wetu alikuwa malaika. Sifa za matangani zikizidi, hata marehemu mwenyewe asingejitambua. Alikuwa mkali wa maneno, na ile "njoo kesho" ya mafundi aliijua kama wenzake wote. Lakini kazini hakudanganya. Ukuta ukipinda aliubomoa, hata kama mwenye nyumba hajaona. Alikuwa akisema timazi haina ndugu. Nabii Amosi alionyeshwa Bwana akiwa na timazi mkononi, akiwapima watu wake (Amosi 7:7-8). Mtu aliyezoea kupimwa na kamba na kipande cha chuma kila siku huogopa kidogo zaidi kupimwa na Mungu.

Na hapa swali linatugeukia sisi tulio hai. Kambini ni rahisi kuishi kama watu walio kituoni wakingoja gari. Tunangoja mgao, tunangoja majina kwenye orodha, tunangoja kurudi. Vijana wanauliza, kwa nini nijifunze kazi wakati sijui kesho nitakuwa wapi? Tunawajibu kwa upole: Fundi naye hakujua. Alipofika hapa alitengeneza madawati ya watoto kwa mbao za masanduku, bila kujua yatakaliwa na nani wala kwa muda gani. Mtoto aliyejifunza kusoma juu ya dawati lile, kusoma kwake hakuchomwi moto.

Basi, wapendwa, jioni moja wiki hii wazazi waketi na watoto, wawaambie babu zao walikuwa wakifanya nini kule nyumbani: nani alikuwa mvuvi, nani mshonaji, nani mkulima wa mihogo. Watajeni kwa majina. Dorkasi alipokufa wajane hawakutoa hotuba. Walionyesha kanzu na nguo alizowashonea (Matendo 9:39). Ninyi ambao nguo zenyewe zilibaki ng'ambo, onyesheni kwa maneno. Na mwenye msumeno amfundishe asiye nao.

Paulo aliwahakikishia Wakorintho kwamba taabu yao haiwi bure katika Bwana (1 Wakorintho 15:58). Hakusema kwamba haitachomwa. Alisema si bure. Bwana awafariji wafiwa wote, na aithibitishe kazi ya mikono yenu. Amina.