Nani Amemkaribisha Mgeni?

Mzozo wa wageni wa ukweni kwa kawaida huanza kujadiliwa mahali pasipo pake. Simu inaingia mchana: wifi na wanawe wawili wameshapita Singida, usiku watashuka stendi ya Mbezi, wapokewe. Mke akiguna, kinachojadiliwa ni roho yake. Ni mkarimu au mchoyo? Anampenda mumewe pamoja na watu wake, au anampenda peke yake? Upande wa mume watakuwa na jibu kabla basi halijafika Dodoma. Lakini kuna swali linalotangulia hayo yote, na halihitaji kupekua moyo wa mtu: nani amemkaribisha huyu mgeni? Ninavyoona, ukarimu, ukiupima kwa dini au kwa mila zetu, ni tendo la mtu anayetoa kilicho chake. Mama mkwe aliyeko Tabora anapomwahidi mtu kitanda kilichoko Tabata, atakayekitandika ni mwingine, na atakayepunguza sahani za wanawe ni huyo huyo mwingine. Yeye ametoa neno tu, tena neno la bure, na shukrani zote zitamrudia yeye. Ni sawa na mtu anayetoa sadaka kwa kuchota gunia la jirani. Mke anayetaka aulizwe kabla ya ahadi kutolewa anadai kitu ambacho bila hicho hakuna ukarimu wa kuzungumzia.

Anayeipinga hoja hii ana kisa kizito cha kukitoa, nacho ni haki kitazamwe mwanzo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra habari ya mtu aliyemwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) akiwa hoi kwa njaa. Ansari mmoja akamchukua nyumbani kwake, na nyumbani hapakuwa na kitu ila chakula cha watoto. Watoto wakalazwa, taa ikazimwa kana kwamba inatengenezwa, mume na mke wakatafuna hewa gizani ili mgeni adhani wanakula naye. Kisa hiki kinatajwa pamoja na aya ya 9 ya Surat al-Hashr, inayowasifu wanaowatanguliza wengine hali wao wenyewe ni wahitaji. Basi, anauliza mpinzani, hapo mipaka iko wapi? Wale walitoa hata cha watoto. Ila kisa hiki hupendwa kusimuliwa kuanzia katikati. Mwanzo wake ni kwamba Mtume alituma kwanza kwa wakeze mwenyewe, na kila mmoja akajibu kwamba hana kitu isipokuwa maji. Hakuna aliyekaripiwa kwa jibu hilo. Kisha akawageukia maswahaba akauliza nani atampokea mtu huyu usiku ule. Mtu ambaye neno lake lisingepingwa na yeyote pale hakumtupa mgeni mlangoni mwa mtu. Aliuliza, akasubiri mmoja aseme mimi. Na aliyesema mimi alilala njaa. Ni kweli kwamba yule Ansari alimwagiza mkewe bila kumshauri sana, na sitaki kulificha hilo. Lakini njaa waliigawana wawili, na hila ya taa ilitimizwa kwa mkono wa mke. Katika nyumba zetu aliyesema karibuni mara nyingi amelala ameshiba, mkoa mwingine kabisa. Halafu ulikuwa usiku mmoja.

Muda nao una hesabu yake. Hadithi ya Abu Shurayh, iliyo katika vitabu vya Bukhari na Muslim pia, inampa mgeni takrima ya mchana mmoja na usiku wake, inauweka ugeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo inakiita sadaka. Sehemu hiyo wengi wanaijua. Isiyotajwa sana barazani ni ile inayofuata, inayomkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki. Katika mapokezi ya Muslim yametumika maneno makali zaidi: asikae mpaka amtie mwenyeji dhambini. Waliokuwapo waliuliza mtu anamtiaje mwenziwe dhambini kwa kukaa tu, wakajibiwa kwamba anakaa kwake hali huyo hana kitu cha kumkirimu. Imam An-Nawawi, ambaye vitabu vyake vimesomeshwa katika madrasa za pwani kizazi baada ya kizazi, anaieleza dhambi hiyo: mwenyeji aliyechoshwa huishia kusengenya, kudhania vibaya, hata kuudhi. Kila aliyewahi kusikia mnong'ono wa jikoni siku ya kumi na moja ya ugeni anajua An-Nawawi anasema nini. Yeye huyo ananukuu pia tofauti ya wanazuoni: Shafii, Malik na Abu Hanifa waliona kumkirimu mgeni ni sunna, Layth na Ahmad wakaona usiku mmoja ni wajibu, na Ahmad akauweka wajibu huo kwa watu wa majangwani na vijijini badala ya watu wa mijini. Mjini, baada ya yote, msafiri hakosi pa kununua chakula wala pa kulala. Kwa hiyo hata aliyekuwa mkali kuliko wote hakufika mbali kama anavyofika mjomba wa mume anayesema nyumba ya kijana wetu ni nyumba yetu sote.

Na nyumba yenyewe haikuachwa wazi. Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinakataza kuingia nyumba za watu bila idhini na salamu, na zinasema anayeambiwa arudi na arudi, kwani hilo ndilo safi zaidi kwake. Hodi tunayopiga mara tatu kisha tukaondoka ina mizizi humo. Mbele kidogo, aya ya 58 inawataka hata watumishi na watoto wa humo humo ndani waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Mababu wa mwambao waliyajengea mafunzo haya kuta. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni alilazwa sabule, chumba kilichotengwa na vyumba vya ndani, akapewa heshima yote bila kuwavuruga wanawake wa nyumba. Sasa tazama nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na sebule moja. Mgeni ni mdogo wa mume, kijana wa miaka ishirini na kitu, amekuja kutafuta kazi. Godoro linatolewa nyuma ya kochi saa nne usiku na chandarua kinafungwa kwenye msumari wa saa ya ukutani. Choo kiko upande wa pili wa sebule. Mke akitaka kwenda msalani usiku inambidi ajifunge ushungi, atafute kanga ya pili, apite akivizia miguu ya mtu aliyelala, ndani ya nyumba anayoilipia kodi. Mtume alipoulizwa kuhusu jamaa wa kiume wa mume kuingia kwa mke alimfananisha na mauti, neno zito ambalo tungelitarajia kwa mgeni wa mbali. Uzito wake unatokana na wepesi wenyewe wa shemeji kuingia: hakuna anayemshuku, hakuna anayempigisha hodi.

Kuna watakaosema huu ni uzungu uliovishwa kanzu, kwamba Mwafrika hana ratiba ya wageni. Jibu limo katika methali ambayo hakuna mzungu aliyetufundisha: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake kuhusu misingi ya ujamaa, akaongeza jambo linalosahaulika, kwamba aghalabu mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla ya kupewa, kwa kuona haya kukaa bure. Mwalimu alikuwa anapiga vita ukupe, lakini ushahidi wake unatufaa hapa, kwa kuwa unaonyesha mzigo wa adabu ulikuwa wa nani. Mila ilimtaka mwenyeji afungue mlango, na ilimtaka mgeni ajue amefunguliwa nini. Upo pia wimbo wa zamani wa pwani unaomhesabia mgeni siku, kutoka wali wa siku ya kwanza hadi mateke ya siku ya kumi. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kupigwa mateke hayo. Ni mzaha wa wenyeji waliobanwa na heshima, na watu hawatungi mzaha juu ya adha wasiyoijua. Kilichobadilika ni hali. Kijijini jembe lilikuwapo na shamba lilikuwapo, mikono miwili zaidi ilikuwa neema msimu wa palizi. Mjini unga, maji ya ndoo na umeme wa luku vinanunuliwa, na jembe limegeuka ufagio ambao mgeni wa kiume hata haushiki. Tumebaki na nusu ya mila, ile inayomdai mwenyeji, kisha tunamwita mzungu anayeikumbuka nusu ya pili.

Pingamizi zito zaidi linahusu wazazi. Mama aliuza ng'ombe kijana asome. Leo atakosaje kusema nani alale kwa mwanawe? Nakubali deni hilo, na kuunga udugu ni amri, si pendekezo. Ila mdaiwa ni kijana. Deni la mume halilipwi kwa usingizi wa mkewe bila idhini yake, na makazi ya mke nayo ni haki iliyoandikwa: Surat at-Talaq, aya ya 6, inaamrisha wanawake waliomo edani wakalishwe pale wanapokaa waume kwa kadiri ya uwezo wao, wala wasidhuriwe kwa kubanwa, na wanazuoni wakasema asiyeachwa anastahiki hilo zaidi. Al-Kasani, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1191, alikwenda mbali: mume akitaka kumweka mkewe pamoja na mama yake au dada zake, na mke akakataa, ni juu ya mume kumtafutia pa peke yake, na kule kukataa kwake ni dalili tosha kwamba anadhurika. Alitaja hata chumba chenye kufuli lake. Sisi wa mwambao wengi ni Mashafii, na al-Kasani alizungumzia kukaa pamoja kuliko kulala siku chache. Hata hivyo, kama mke anaweza kuikataa hali ya kudumu bila kuulizwa sababu, ni vigumu kueleza kwa nini asiulizwe juu ya mgeni wa wiki sita. Wakristo nao wanasomewa siku ya harusi kutoka Mwanzo, sura ya pili, kwamba mwanamume atawaacha babaye na mamaye. Padri anasoma, ukumbi unapiga vigelegele, na wiki ya tatu godoro liko sebuleni.

Kwa hiyo maneno haya ni ya mume kuwaambia watu wake, kwa lugha ya kwao na kwa adabu ya mwana: Mama, shikamoo, nyumba ni yenu, lakini kabla hujamwambia mtu aje, nipigie mimi, nizungumze na mwenzangu. Akimwachia mke aseme, amemtoa kafara. Na mke naye ayapime ya kwao kwa kipimo hicho hicho, maana nyumba ambamo kaka wa mke anakaa miezi mitatu na dada wa mume anahesabiwa siku haina mpaka, ina upendeleo. Pia dhiki ivunje kanuni pale inapokuja kweli. Mwenye tarehe ya kliniki Muhimbili, anayesubiri vipimo ambavyo vimeahirishwa mara mbili, hawezi kuambiwa siku tatu zimekwisha. Hapo familia nzima ya mume ichange nauli, chakula na zamu ya kumsindikiza mgonjwa, kwa sababu mgonjwa ni wao wote. Mzazi asiye na pa kwenda yuko nje kabisa ya hesabu ya ugeni. Matunzo yake ni faradhi kwa wanawe, na kwenye nyumba ya mwanawe haombi hifadhi. Lakini faradhi hiyo imemwangukia mtoto wa kumzaa. Anayepaswa kuamka saa nane usiku kumgeuza upande ni mwanawe, na mkaza mwana akiamka badala yake, kama wengi wanavyofanya miaka nenda rudi, hiyo ni hisani yake yeye, na ishukuriwe kwa jina lake.