Je, Ni Halali Kuhatarisha Maisha kwa Ajili ya Furaha?

Tangu vijana wetu waseme wanataka kwenda na mwongozaji kupita Striding Edge, ule mgongo mwembamba wa miamba unaopandisha mlima Helvellyn kule Lake District, wazazi kadhaa wameniuliza: huko si kumjaribu Mungu? Mama mmoja alinikumbusha Ibilisi alivyomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu. Baba mwingine alisema kwa ufupi kwamba hakuvuka bahari ili mwanawe afe kwa mchezo.

Siwezi kuwapuuza. Helvellyn ina mita 950 tu, Kilimanjaro ingeicheka, lakini mtu haanguki urefu wa mlima mzima, huanguka genge lililo chini ya mguu wake. Pale juu kuna mahali pa kutambaa kwa mikono na miguu, upande mmoja ziwa dogo la Red Tarn, upande wa pili korongo. Kipo pia kibao cha kumkumbuka Robert Dixon, aliyekufa hapo mwaka 1858 akifuata mbwa wa kuwinda mbweha.

Hata hivyo, sioni dhambi katika hatari yenyewe. Wodini hakuna upasuaji usio na hatari. Mgonjwa huelezwa, huuliza, ndipo hutia sahihi. Mtaniambia upasuaji huponya, mlima je? Nimewauguza watu waliokuwa na kila dawa, wakakosa cha kuwafanya watamani kesho. Furaha si kitu kidogo.

Ninachokiogopa ni kijana kudhani maisha ni yake peke yake. Wengi wetu hapa tumebeba ada za wadogo zetu na dawa za bibi nyumbani. Na ukivunjika mguu kule juu, watakaokuja kukubeba ni timu ya uokoaji ya watu wa kujitolea, wasiolipwa, wanaoacha chakula mezani. Nao wana watoto.

Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Hapa Uingereza hakuna anayekulazimisha, kwa hiyo kumwajiri ni hiari yako. Shida ni kwamba wengi wakishalipa hudhani wamenunua kilele. Walichonunua ni macho ya mtu anayeujua mwamba, na upepo ukizidi macho hayo yatasema turudi, na fedha imekwenda. Kugeuka mbele ya marafiki wenye simu mkononi, likizo yenyewe umeiomba miezi mitatu, ni kazi kuliko kupanda.

Basi waliojiandikisha siwaulizi kama wanaogopa. Nawauliza: mwongozaji akikwambia geuka, zimebaki mita 50, utageuka bila kununa? Mmoja alinijibu, "Dada, nitafikiria." Nimemwambia mama yake asitoe fedha bado.