Mkono Nyuma ya Pazia

Ngano ya mji wa Bursa, Uturuki, inasema kwamba katika karne ya 14 Sultan Orhan alikuwa akijenga msikiti, na miongoni mwa mafundi wake walikuwamo Karagöz na Hacivat. Wawili hao walitaniana kwa ustadi hata wenzao wakaweka chini nyundo na mwiko ili wawasikilize. Ujenzi ukasuasua, Sultan akaghadhibika, wakauawa. Baadaye Sheikh Küşteri akatundika kitambaa, akawasha taa, akawarudisha kwa vipande vya ngozi. Ni ngano tu, lakini inatia fikra: mchezo wa kuchekesha umejitafutia asili yake katika hukumu iliyotolewa bila kesi.

Mchezo huo wa vivuli, uitwao Karagöz, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2009, ulistawi katika mikahawa ya dola ya Uthmaniya, hasa usiku wa Ramadhani. Nyuma ya pazia husimama mchezeshaji mmoja. Ngozi ya ngamia au ng'ombe imeparwa hadi ikapitisha mwanga, ikatiwa rangi na kushikizwa kwenye fimbo. Sauti zote ni zake: ya Karagöz mwenye njaa, ya Hacivat ajuaye kusema na wakubwa, ya mlalamikaji na ya mlalamikiwa. Mambo yakichafuka mno huingia Tuzsuz Deli Bekir, chupa mkono mmoja, jambia mkono wa pili. Huyo ndiye dola. Ananguruma kwamba atawachinja wote, kisha anasamehe, na shauri limekwisha. Watazamaji walimtambua, ndiyo maana walicheka. Haki inayotegemea mwenye jambia amelewa kiasi gani si haki, hata siku inapomwachia asiye na hatia.

Masufi walikwishaona jambo kubwa zaidi katika michezo ya vivuli. Ibn al-Arabi, aliyefariki Damascus mwaka 1240, aliitumia kama mfano wa ulimwengu: sura zinasema, zinagombana, zinapita, na anayeziendesha haonekani. Watoto hufurahi, walioghafilika huona mchezo tu, wenye maarifa huona ishara. Kwa muumini mkono huo uliofichika hauleti shaka, kwa kuwa ni wa Mwadilifu ambaye hana haja ya hongo wala hamwogopi yeyote.

Mla rushwa anajipachika mahali hapo hapo.

Zabuni imekwenda kwa asiyestahili, faili limepotea, mshtakiwa ameachiwa kwa kukosekana ushahidi. Yote yamepita mbele ya macho ya umma na hakuna aliyegusa kitu. Kwa hiyo rushwa ni zaidi ya wizi. Ni mwanadamu kudai kutoonekana, na kutaka matendo yake yapokewe kama majaliwa. Raia anayesema "ndivyo mambo yalivyo" ameshaanza kumpa alichodai. Mahakama husikiliza kesi kwa uwazi, hakimu hueleza sababu za hukumu yake, na mwenye maslahi katika shauri hujitoa, ili mwenye mkono ajulikane. Watazamaji wa wayang, mchezo wa vivuli wa kisiwa cha Java, wana uhuru wa namna hiyo: wanaweza kukaa upande wa pili wa pazia na kumtazama dalang, yaani mchezeshaji, akifanya kazi yake chini ya taa.

Jaribio la kisasa lililokwenda mbali zaidi na wazo hili la kuuonyesha mkono lilitoka Afrika Kusini mwaka 1997, wakati Tume ya Ukweli na Maridhiano ikiendelea na kazi. Ni tamthilia ya Ubu and the Truth Commission, iliyoandikwa na Jane Taylor na kuongozwa na William Kentridge pamoja na Handspring Puppet Company. Ubu, mtawala mlafi aliyebuniwa na Mfaransa Alfred Jarry, anageuzwa kuwa muuaji wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Mkewe anamshuku kuwa na hawara, kumbe usiku hutoka kwenda kuua. Nyaraka za hatari analishwa Niles, mamba ambaye kiwiliwili chake ni mkoba. Ukumbi unacheka. Kisha anaingia shahidi: kikaragosi cha mbao, wachezeshaji wake wakionekana wazi kando yake, na maneno yake yametoka katika ushahidi halisi mbele ya Tume. Hapo mzaha unakoma. Kuiacha mikono ionekane ulikuwa uamuzi wa kimaadili, kwa sababu maumivu ya mtu hayafai kuchezeshwa kwa siri.

Lipo pingamizi zito kwa kejeli ya vivuli. Kivuli hakina uso, ilhali mwizi wa mali ya umma ana jina na akaunti. Nchini Kenya, The XYZ Show ya mchora vibonzo Gado, iliyoanza mwaka 2009, ilichagua vikaragosi vyenye sura za wanasiasa wanaofahamika na kila mtu. Ujasiri huo unahitajika. Ila mwenye sura akishaondoka madarakani, kichekesho huondoka naye, na kiti humpokea mwingine wa tabia ile ile. Deli Bekir hakubeba jina la waziri yeyote, kwa hiyo aliwagusa wote. Watawala walilielewa hilo. Wakati wa Sultan Abdülaziz, aliyetawala 1861 hadi 1876, kejeli za kisiasa zilipigwa marufuku katika mchezo wa Karagöz. Baada ya mapinduzi ya 1908 katika dola ya Uthmaniya zilirudi, hata likaanzishwa gazeti la vichekesho lililoitwa Karagöz. Kicheko hakirudishi fedha hazina wala hakimfungi mtu. Hiyo ni kazi ya mkaguzi na mwendesha mashtaka, nayo hukwama pale ambapo watu bado wanaamini kwamba hakuna aliyegusa kitu.