Mgeni na Mwenyeji katika Ini

Je, ni halali kumjeruhi kiumbe asiyetarajiwa kupata faida yoyote ya jeraha lake? Swali hili la kale limerudi katika kazi ya kuhamisha chembe hai za ini.

Maini ya kupandikiza ni haba, na upasuaji wake ni mzito. Wataalamu, basi, walitafuta njia nyepesi: kuzitenga chembe za ini zima na kuzitia katika mshipa uletao damu ya matumbo inini. Mwaka 1976 huko Marekani zilitiwa katika panya wa Gunn, wazaliwao bila kimeng'enya kimoja, na rangi ya manjano iitwayo bilirubini ikapungua katika damu yao. Mwaka 1998 ikatangazwa habari ya msichana wa miaka 10 mwenye upungufu ule ule, uitwao ugonjwa wa Crigler-Najjar. Alitiwa chembe akapata nafuu, ila hakupona. Kati ya msichana yule na panya wale palikuwa na udugu wa maradhi.

Lakini chembe nyingi zilizohamishwa hufa upesi. Hukwama katika mishipa myembamba zikikosa oksijeni, na walinzi wa ini huzimeza kama adui. Ili kuziokoa, watafiti wamejaribu kuipanua mishipa kwa dawa na kuwapunguza walinzi hao. Njia moja ilifanikiwa mno, nayo ni kali. Panya mzima hupewa retrosini, sumu ya mimea, izuiayo chembe zake zisigawanyike; kisha hukatwa theluthi mbili za ini. Ini hutaka kukua tena, mwenyeji hawezi, na mgeni huzaana hata akamiliki karibu ini lote.

Panya huyu si ndugu wa maradhi wa mtu yeyote. Alikuwa na afya, akaugushwa. Tena sumu ile haiwezi kupewa mtoto. Mtetezi atajibu kwamba kilichopatikana hapo ni kanuni, wala si dawa: mgeni hastawi mpaka mwenyeji azuiwe kidogo, na kanuni hiyo imewafikisha watu kwenye mionzi ya kipimo juu ya sehemu ya ini, iliyokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wachache. Jibu hili ni la kweli, lakini lachelewa. Faida iliyojulikana baadaye haimwondolei mtu wajibu wa kupima kabla ya kushika kisu.

Russell na Burch, katika kitabu chao cha mwaka 1959, walitaka mnyama abadilishwe kwa njia nyingine iwezekanapo, idadi ipunguzwe, na maumivu yatulizwe. La pili ndilo lisahauliwalo kwa urahisi. Jaribio lililoshindwa hufungiwa mtoni mwa meza, kwani halimpi mtu sifa. Na katika chumba kingine, mtaalamu asiye na habari huagiza panya wengine, awape sumu ile ile, awaulize swali lililokwisha kujibiwa.